Punda Mwepesi wa Kusikia: Mwongozo Kamili wa Kumlainisha Punda wa Kazi

Kamba ndiyo inayosema kama punda amefundishwa au amepigwa tu. Nenda asubuhi kwenye bomba la maji la kijiji chochote hapa Chamwino, Bahi au Mpwapwa, saa ile punda wanapojipanga na madumu yao. Utaona kamba iliyokaza kama ya kuanikia nguo: mbele yake mtoto anavuta kwa mwili mzima, nyuma mwenzake ana fimbo, katikati punda kakita miguu ardhini. Pembeni utaona kamba nyingine imelegea, imefanya kitumbo kati ya mkono wa mtu na kidevu cha mnyama. Mtu akikata kona, punda anakata kona. Mtu akisimama, punda anasimama. Huyo wa pili ndiye punda laini, na mwongozo huu ni wa kumpata huyo.

Wapanda farasi wana sanaa hii tangu zamani sana: kumzoeza mnyama ajibu kwa kuguswa kidogo, pasipo kuvutana naye. Farasi huku kwetu ni wachache. Sababu mojawapo ni ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na visubi. Farasi wengi wakiupata hufa, ilhali punda huupata na mara nyingi hata haonyeshi kuumwa. Mnyama wetu ni punda. Kanuni za farasi zinamfaa, ila lazima zikatwe upya kwa kipimo chake.

Nimekaa na punda tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilikuwa yule mtoto wa nyuma mwenye fimbo. Ninayoyaandika hapa nilifundishwa zaidi na Chausiku, jike mweusi niliyemnunua mnadani akiwa na kovu la waya juu ya pua.

Mwelewe kabla hujamgusa

Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama. Asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu za mawe huko kaskazini mashariki mwa Afrika, Eritrea, Ethiopia na Somalia, ambako kukurupuka ovyo kwenye miamba ni kuvunjika mguu. Kwa hiyo anakita miguu, anasimamisha masikio, anapima. Akiridhika, anaendelea. Asiporidhika, haendi. Sisi tunauita ukaidi.

Sasa mchape akiwa katika hali ile. Alisimama kwenye korongo kwa hofu, akaumizwa pale pale kwenye korongo. Amepata ushahidi kwamba pale ni pabaya kweli. Kesho atasimama hatua kumi kabla ya kufika. Na fimbo ya jana kesho haitoshi, lazima iwe nene zaidi. Kiswahili kina neno lake: sugu. Usugu ule hakuzaliwa nao, umetengenezwa kwa mikono yetu.

Jambo moja likikuingia, hatua zote zilizobaki zitakuwa rahisi. Punda hajifunzi wakati unavuta, anajifunza wakati unaachia. Kuvuta ni swali. Kuachia ndiyo jibu, ndiyo linalomwambia "hapo hapo, hicho ndicho nilichotaka." Ukivuta bila kuachia, umemuuliza swali lisilo na jibu, na kiumbe yeyote mwenye akili atachoka kusikiliza.

Kagua maumivu

Punda anaficha maumivu kuliko mnyama yeyote niliyewahi kumfuga. Anaweza kuwa na kidonda kikubwa kama kiganja na bado akatembea. Kwa hiyo usimfundishe mnyama ambaye hujampapasa mwili mzima. Pitisha kiganja mgongoni, taratibu, ukiangalia kama ngozi inaruka au anazama chini. Angalia kifuani, kwapani na chini ya mkia, mahali mikanda inapokaa. Inua kwato zote nne, utoe mawe na miiba. Miiba ya migunga hubaki ndani bila kuonekana nje. Punda anayedondosha chakula akitafuna, au anayerusha kichwa kila ukigusa kamba, huenda magego yake yana makali yanayomkata mashavu. Huyo ni wa daktari wa mifugo, somo litasubiri.

Halafu umri. Mazoezi ya kamba unaweza kuanza mapema, lakini mzigo na mkokoteni asubiri afike miaka minne. Mtazame meno ya mbele: akiwa na meno ya ukubwani kamili, yupo karibu miaka mitano. Wengi wetu tunamfunga akiwa na miaka miwili, tena tunajisifu, na baadaye tunashangaa mgongo umepinda. Punda aliyetunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 25 na kuendelea. Hakuna haraka yoyote inayolipa hapo.

Kitu cha mwisho kabla ya kuanza ni nira. Nira ya ng'ombe mwachie ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo ya kuegemea mti, punda hana. Nguvu yake iko kifuani, na mti ule shingoni humkata ngozi na kugonga mfupa. Hakuna mafunzo yatakayomlainisha punda anayeumizwa na vifaa kila hatua.

Vifaa na wakati

Kamba ya kichwani iwe pana na laini. Mimi hushona ya kitambaa cha turubai kuukuu, nikaizungushia pamba sehemu inayopita juu ya pua. Nailoni nyembamba inachoma. Kamba ya kuongozea iwe mita tatu hadi nne. Uwe na kijiti chepesi cha urefu wa mkono, kazi yake ni kurefusha mkono wako ili umguse nyonga ukiwa begani. Ukishakitumia kuchapa hata mara moja, kitupe, utafute kingine cha rangi tofauti, maana hatakisahau.

Fundisha asubuhi, saa moja hadi saa mbili, kabla jua la Dodoma halijapanda na kabla ya kazi ya siku. Dakika 15 zinatosha. Julai na Agosti, upepo ukivuma kwa nguvu, masikio yake yanashughulika na kila mfuko wa plastiki unaopeperuka. Siku hizo rudia tu anachokijua. Na kama ana mwenzake, mfunge mwenzake karibu amwone. Punda hushikamana wawili wawili, na ukimtenga na rafiki yake atatumia dakika zote 15 kumwita.

Hatua ya kwanza: pua ishuke

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani kama kazi.

Simama begani mwake upande wa kushoto, mkitazama mbele wote wawili. Usimsogelee kutoka nyuma kabisa wala usimkabili uso kwa uso, pande hizo hakuoni vizuri. Shika kamba kama sentimita 20 kutoka kidevuni. Vuta kuelekea chini kwa uzito ule ule unaobonyezea papai sokoni kujua kama limeiva. Usizidishe. Usitikise. Kaa hapo.

Mwanzoni huenda atanyanyua kichwa. Mkono wako upande naye, ukiwa na uzito ule ule wa papai, usiongeze wala usipunguze. Ukiongeza, mmeanza kuvutana, na punda hashindwi mchezo huo. Ukipunguza, umemfundisha kwamba kunyanyua kichwa ndiyo jibu. Baada ya muda pua itashuka, pengine sentimita moja tu. Fungua vidole wakati huo huo. Usingoje ishuke zaidi, usingoje uhakikishe. Kamba ilegee kabisa, hesabu kumi, kisha uulize tena.

Siku ya kwanza na Chausiku nilihesabu hadi 70 kabla ya lolote. Nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba hili ni la farasi wa wazungu. Kisha sikio lake la kushoto likageuka, tundu likanielekea mimi. Ngozi juu ya jicho, iliyokuwa imejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa, ikalegea. Pua ikashuka urefu wa ukucha. Nikafungua vidole. Akasimama kimya, akameza mate, akalamba midomo na kutafuna ilhali mdomoni hakuna kitu. Huko kutafuna kitupu kujue vizuri: mara nyingi ni dalili kwamba hofu inashuka. Mwache amalize. Ukimharakisha hapo unamnyang'anya alichokipata.

Mara ya pili nilihesabu hadi 40. Ya tano, hadi sita. Nikamfungua, tukaishia hapo, dakika tisa tu.

Rudia siku tatu au nne, kushoto na kulia. Kulia ni somo jipya kabisa kwake. Usimkasirikie kwa kutojua upande mmoja alichokijua upande wa pili. Umefaulu pale pua inaposhuka wakati vidole ndiyo kwanza vinafunga.

Hatua ya pili: kwenda bila kukokotwa

Kosa la kila siku ni kusimama mbele yake, kumkazia macho na kuvuta. Kwa lugha ya mwili umemzuia, kwa kamba umemwita. Atamwamini nani?

Rudi begani. Mpe kamba uzito wa papai, si mbele moja kwa moja bali pembeni mbele, kama unamwonyesha mti ulioko upande wake. Punda aliyekita miguu yote minne ni mgumu kusogea mbele, lakini ukimwomba ageuze pua pembeni, uzito wake unahama, na mguu mmoja lazima ujipange. Achia uzito unapohama, kabla hata mguu haujanyanyuka. Baadaye utangoja mguu unyanyuke, baadaye hatua nzima, baadaye hatua tatu. Asipojibu kwa muda mrefu, mguse nyonga kwa kijiti, mguso wa nzi anayetua, tena na tena kwa mdundo mmoja, hadi asogee. Kisha kijiti na kamba vinyamaze pamoja.

Chagua neno lako la kuondokea, liwe fupi, na lije kabla ya kamba. Mpangilio huu ni muhimu sana: neno, pumziko dogo, ndipo kamba. Baada ya wiki mbili atajibu neno ili kamba isifike. Ukisema na kuvuta kwa pamoja, neno halitakuwa na maana kwake maisha yote.

Hatua ya tatu: kusimama, kurudi nyuma, kuzungusha nyonga

Kusimama kunaanzia mwilini mwako. Shusha pumzi kwa sauti, sema neno, simamisha miguu yako, halafu ndipo kamba. Akisimama, mkono ulegee na mkae hapo pamoja kidogo. Kusimama kuwe mahali pazuri pa kupumzikia.

Kurudi nyuma, weka vidole viwili kifuani au uzito wa kamba kuelekea kifuani, ungoje hatua moja. Akirudi sawasawa, mguu wa mbele wa upande mmoja utatembea pamoja na wa nyuma wa upande mwingine. Akiburuza miguu na kichwa kiko juu, umemsukuma mno. Hatua tatu zinatosha. Kumrudisha nyuma uwanja mzima ni adhabu, naye anaijua adhabu.

Kuzungusha nyonga ndiko kunakokuokoa njiani. Mguse ubavuni, kiganja kimoja nyuma ya mahali mkanda wa tumbo unapopita, pale pale ambapo siku moja mti wa mkokoteni utamgusa akikata kona. Unataka mguu wa nyuma ulio upande wako upite mbele ya mwenzake, uvuke. Ukivuka mara moja, achia. Punda anayeweza kuvusha miguu ya nyuma kwa kuguswa kidole hana tena mahali pa kujikita, na ukitokea mshtuko barabarani unamzungusha badala ya kushindana naye kwa nguvu.

Wanasema asante ya punda ni mateke. Mateke niliyopigwa mimi yote niliyaomba: nilimgusa nyuma ghafla akiwa amelala usingizi wa kusimama, au nilimbana kwenye kona ya zizi. Ongea naye unapopita nyuma, na mkono wako usiache kumgusa.

Vigwe virefu, kabla ya mkokoteni

Chukua kamba mbili za mita tano, moja kila upande wa kamba ya kichwani, zipite kwenye vitanzi vya mkanda wa tumbo ili zisianguke miguuni. Mwanzoni msaidizi amwongoze mbele kama alivyozoea, wewe tembea nyuma pembeni, mbali ya kufikiwa na teke. Siku ya pili au ya tatu msaidizi akae tu karibu. Ya nne atoke.

Kukata kona kulia, bana vidole vya mkono wa kulia na ufungue wa kushoto. Ule unaofungua ndio wengi wanausahau. Wanabana mikono yote miwili, punda anasikia "nenda" na "simama" kwa wakati mmoja, anasimama, anachapwa. Mchanga wa korongo kavu ni darasa zuri: njia ni pana, kingo zinamwongoza, na nyayo zake zinakuonyesha kama alipita sawasawa au aliyumba.

Lijamu ya mdomoni haihitajiki kwa kazi nyingi za huku. Punda aliyelainika kwenye kamba ya kichwani huendeshwa nayo hiyo hiyo. Na lijamu za waya au nondo zinazofungwa na baadhi ya vijana zinakata ulimi. Ukimkuta punda kafungwa hiyo, zungumza na mwenyewe kwa upole, maana mara nyingi hajawahi kuonyeshwa njia nyingine.

Mkokoteni

Mfunge kwanza mkanda mpana wa kifua, upite juu kidogo ya ncha ya bega na chini ya koo, usibane pumzi. Aburute tairi kuukuu kwa kamba ndefu, msaidizi akiishikilia mwisho wa kamba ili aweze kuiachia. Azoee mlio na azoee kitu kinachomfuata. Kisha watu wavute mkokoteni mtupu mbele yake, ubavuni, mwishowe nyuma. Ukija kumfunga kwa mara ya kwanza, tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, na muwe watu wawili, kila mmoja upande wake.

Usisahau mkanda wa nyuma, ule unaopita chini ya makalio na kuzuia mkokoteni usimgonge miguu kwenye mteremko. Punda wengi wanaosemwa kuwa na wazimu wa kukimbia mteremkoni wanakimbia mkokoteni unaowagonga.

Kuondoka na mzigo mchangani, mwombe hatua moja ya pembeni kwanza, tairi zijikwamue, halafu mbele. Panga mzigo juu ya ekseli, mikono ya mkokoteni isimlemee mgongoni.

Kwa wanaobebesha mgongoni: dumu la lita 20 ni kilo 20, manne ni kilo 80. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150. Theluthi ya uzito wake, yaani madumu mawili, ndiyo mzigo wa haki. Kwa kupanda ni hesabu hiyo hiyo: mtoto mwepesi sawa, mtu mzima hapana. Mtoto afundishwe kukaa bila kuning'inia kwenye kamba na kulegeza miguu anapotaka kusimama.

Yatakayokusumbua

Bodaboda. Mwombe rafiki mwenye pikipiki aizime, mwache punda ainuse. Kisha iwashwe mbali na kuondoka, punda akiifuata kwa nyuma. Kinachofuatwa hakitishi kama kinachokufuata.

Korongo lenye maji. Chausiku alisimama kwenye ukingo wa korongo letu mvua za Januari, maji ya kifundo tu. Nilikaa kwenye jiwe, kamba imelegea. Kila alipogeuza pua pembeni nilimrudisha kwa uzito wa papai. Kila alipoyatazama maji sikumgusa. Mzee mmoja jirani akapita. Nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mzee." Akaitika, akatazama, akasema, "Mjukuu wangu, huyo bila fimbo mtalala hapo." Nikamwambia, "Babu, kaa nami kidogo tuone." Akakaa. Baada ya kama nusu saa Chausiku alinusa maji, akapiga ukwato mmoja, yakamrukia kifuani, akashtuka, akanusa tena. Kisha akavuka mwenyewe, kamba mkononi mwangu ina kitumbo chake. Kesho yake alivuka bila kusimama. Yule mzee siku hizi ndiye anayewafukuza watoto wenye fimbo bombani.

Watu wengine nyumbani. Ulaini unajengwa kwa wiki nyingi, na mtu mmoja mwenye haraka anauharibu kwa asubuhi moja. Waonyeshe wote wanaomshika: watoto, shemeji, kijana wa mkokoteni. Neno moja la kuondokea, neno moja la kusimamia. Februari 2024 viongozi wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, baada ya biashara hiyo kuwapunguza sana barani. Aliyeko zizini kwako si rahisi kumpata mwingine.

Mwaka jana nilimwazima ndugu mmoja Chausiku kwa wiki moja ya kuvuna alizeti. Alirudi kichwa juu, jicho limekunjika, kamba nzito kama ya ng'ombe. Sikumpa kazi. Asubuhi tatu, dakika 15 kila siku, begani upande wa kushoto, sentimita 20 kutoka kidevuni. Asubuhi ya nne pua ilishuka kabla vidole vyangu havijafunga.